Makwaruzo, Kukatika na Ukimya Kwenye Programu ya Muziki: Dhana Potofu na Ukweli

Umefungua projekti, umebonyeza kitufe cha kucheza, na badala ya muziki yanatoka makwaruzo, sauti inakatika, au kuna kimya kitupu. Ushauri wa haraka hauna uhaba: nunua kompyuta mpya, ongeza RAM, futa programu uisakinishe upya. Mwingi wake haugusi chanzo. Kabla ya kubadilisha chochote, jiulize: kelele hiyo imo ndani ya wimbo, au inazaliwa njiani, kati ya programu na spika? Dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kuliruka swali hilo.

Dhana: Makwaruzo ninayoyasikia yataingia kwenye faili nitakayotoa

Si lazima. Programu inapocheza wimbo inakimbizana na saa: kila kipande cha sauti sharti kiwe tayari kabla kile kinachosikika hakijaisha. Ikichelewa hata kidogo, pengo hilo unalisikia kama mkwaruzo. Inapotoa faili haina saa ya kukimbizana nayo. Ikihitaji sekunde tano kukokotoa sekunde moja ya muziki, itachukua hizo tano na faili itatoka safi.

Basi pima hivi. Chagua sekunde 20 za sehemu inayosumbua, zitoe kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa), funga programu kabisa, kisha zisikilize kwa kicheza muziki cha kawaida. Faili ikiwa safi, wimbo hauna ugonjwa. Tafuta kwenye bafa (akiba ndogo ya sauti inayoandaliwa kabla ya kusikika), draiva (programu inayoendesha kifaa) na prosesa. Kelele ikiwamo, acha mipangilio ya kompyuta na urudi ndani ya projekti.

Angalia pia kelele inavyokuja, maana tabia yake inasema mengi. Ikigonga mahali palepale kila unaporudia, tuseme mwanzo wa bar (kipimo cha mapigo) ya 17, vuta picha ya wimbi hapo hadi uone mstari mmoja mmoja. Mara nyingi utakuta klipi (kipande cha sauti kwenye projekti) imekatwa wimbi likiwa juu, kwa hiyo linaanguka ghafla hadi sifuri, na anguko hilo ndilo "tik" unayoisikia. Weka fedi (sauti ipande au ishuke taratibu) ya milisekunde 5 hadi 10 kwenye ukingo na itatoweka. Kelele ikihamahama na kuzidi pale ala nyingi zinapoingia, prosesa imeelemewa. Ikija kwa vipindi vilivyo sawasawa hata ukiwa na treki (mstari wa ala au sauti) moja tu, shuku vifaa viwili vya dijitali vilivyounganishwa kwa S/PDIF au ADAT (miunganisho ya sauti ya dijitali), kila kimoja kikifuata saa yake. Kimoja kiwe kiongozi, kingine kipangwe kufuata saa ya nje. Hiyo ya mwisho huwezi kuitibu kwa bafa, hata uiongeze kiasi gani.

Dhana: Bafa ndogo hutoa sauti bora

Bafa haina uhusiano wowote na ubora wa sauti. Ni muda ambao prosesa inapewa kumaliza kila kipande. Kwa kiwango cha sampuli (vipimo vidogo vya sauti) cha 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 inaipa prosesa takriban milisekunde 1.5, ya 256 milisekunde 5.8, na ya 1024 milisekunde 23. Muda huohuo ndio unaochelewesha sauti kati ya kubonyeza kinanda na kusikia noti, na ukiimba kwenye maikrofoni huhesabiwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Unaporekodi sauti au kupiga kinanda, tumia 64 au 128 na uwe na plagini (vifaa vya ziada vya kutengeneza au kubadilisha sauti ndani ya programu) chache. Unapochanganya, hakuna anayepiga chochote, hivyo panda hadi 512 au 1024 bila hofu. Wanaong'ang'ania 64 siku nzima wanajitesa bure.

Wapo pia wanaopandisha kiwango cha sampuli hadi 96,000 wakitumaini makwaruzo yatapungua. Hesabu inakataa. Bafa ya 256 sasa ina milisekunde 2.7 tu, na prosesa ina zaidi ya maradufu ya sampuli za kukokotoa kila sekunde.

Na ikiwa kinanda kinachelewa hata kwenye 64? Chungulia master, yaani njia kuu ambayo treki zote hupitia kabla ya kutoka. Limita (plagini inayozuia sauti isizidi kikomo) inayotazama mbele, au ikwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti kali) inayotunza fezi, yaani mpangilio wa mawimbi, hushikilia sauti kwa muda kabla ya kuiachia, na programu huzichelewesha treki nyingine zote ili zilingane nayo. Zima plagini za aina hiyo unaporekodi, uziwashe baadaye.

Dhana: Windows inaonyesha prosesa iko asilimia 15, kwa hiyo si tatizo la prosesa

Namba hiyo ni wastani wa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Plagini zilizopangwa kwenye treki moja haziwezi kugawanywa, kwa sababu kila moja husubiri matokeo ya iliyoitangulia, na hivyo mnyororo mzima hubebwa na kiini kimoja. Kwenye prosesa ya viini 8, kimoja kikijaa kabisa huku saba vikiwa vimelala, wastani unasomeka asilimia 12 au 13. Mita inayofaa kuaminiwa ni ile iliyo ndani ya programu ya muziki yenyewe.

Kumpata mkosaji ni kazi ya dakika chache. Acha wimbo ucheze kwa mzunguko kwenye sehemu nzito, kisha zima plagini moja baada ya nyingine, ukianzia master, halafu sinthesaiza zenye sauti nyingi kwa pamoja, halafu riva (plagini za mwangwi). Mita ikishuka ghafla, umempata. Igandishe treki hiyo: programu itaigeuza kuwa sauti ya kawaida kwa muda na kuipumzisha prosesa.

Wakati mwingine mita ya programu nayo imetulia, lakini sauti inapasuka kila baada ya sekunde kadhaa. Hapo ni draiva fulani inayoishikilia prosesa kwa muda mrefu kuliko bafa inavyoruhusu. Draiva za WiFi na za kadi ya picha hushukiwa mara nyingi. Zima WiFi na usikilize; kwenye Windows unaweza pia kuiacha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, ikipima kwa dakika kumi, itakutajia jina la draiva inayochelewesha. Chomeka laptopu kwenye umeme na uweke mpango wa nguvu kwenye utendaji wa juu, kwa kuwa kwenye betri prosesa mara nyingi hupunguza kasi. Kadi ya sauti ya nje ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, isipitie habu iliyobeba kamera na diski.

Jambo jingine la Windows: tumia draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti yenye ucheleweshaji mdogo) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako. ASIO4ALL, draiva ya jumla, inasaidia pale hiyo isipokuwapo, lakini ni daraja tu lililowekwa juu ya draiva ya Windows, na kuiweka mbele ya draiva halisi ni kurudi nyuma.

Dhana: RAM zaidi itamaliza makwaruzo

Itamaliza ikiwa unatumia maktaba kubwa za sampuli (hapa, rekodi za ala zilizotayarishwa) na RAM imejaa. Kama haijajaa, kuiongeza hakubadilishi lolote. Sampuli zinazosomwa kutoka diski ya kuzunguka zihamishie kwenye SSD, hilo utalisikia.

Dhana: Taa nyekundu kwenye treki ndiyo inayopasua sauti

Programu nyingi za leo hukokotoa kwa biti 32 au 64 za desimali inayoelea (hesabu yenye nafasi kubwa ya namba), hivyo treki ikipita 0 dB, kikomo cha mita, ndani yake hakuna kinachokatwa. Ukishusha master, wimbi linarudi zima. Panapopasuka ni mwishoni: sauti inapofika kwenye kadi, au inapotolewa kama WAV ya biti 16 au 24. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Plagini zinazoiga vifaa vya zamani huanza kukwaruza zikisukumwa sana, kwa kuwa ndivyo zilivyotengenezwa. Na rekodi iliyopasuka wakati wa kuingia kwenye kadi imepasuka milele. Kushusha sauti kunaifanya tu ipasuke kwa upole.

Dhana: Wimbo unaenda kasi na umepanda noti, basi tempo imeharibika

Tempo haipandishi noti za rekodi peke yake. Ukisikia vyote viwili pamoja, viwango vya sampuli havilingani. Sauti ya 44,100 ikichezwa kwa 48,000 bila kugeuzwa, kasi inazidi kwa takriban asilimia 9, noti zinapanda karibu nusu-toni moja na nusu, na wimbo wa dakika 3 unaisha kwa dakika 2 na sekunde 45. Linganisha namba sehemu tatu: mipangilio ya projekti, paneli ya kadi ya sauti, na mipangilio ya sauti ya mfumo (kwenye Mac iko ndani ya Audio MIDI Setup).

Dhana: Hakuna sauti, programu imekufa

Tazama mita kabla ya kufuta chochote. Mita ya master ikicheza huku spika zikiwa kimya, programu imefanya kazi yake: towe limeelekezwa kwenye kifaa kingine au kwenye matundu ya 3 na 4, au kivinjari kimeishikilia kadi. Mita ya treki ikicheza na ya master ikalala, treki haijaelekezwa master. Zote zikilala, tafuta solo (kitufe kinachonyamazisha treki nyingine zote) iliyosahaulika kwenye treki iliyofichwa chini kabisa. Isipokuwapo, angalia faili zenyewe: projekti huwa inahifadhi anwani ya sauti tu, kwa hiyo ukihamisha folda, klipi zinabaki tupu. Programu ya Ableton Live ina Collect All and Save ya kukusanya kila kitu mahali pamoja, na Reaper ina chaguo la namna hiyo kwenye dirisha la kuhifadhi.

Dhana: Hedifoni za Bluetooth zinafaa ukipunguza bafa

Ucheleweshaji wa Bluetooth uko nje ya programu, na mara nyingi unapita milisekunde 100. Bafa haiufikii. Tena ukichagua maikrofoni ya hedifoni hizohizo, kwa kawaida zinahamia hali ya simu: mono, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na matoazi yote yanapotea. Chagua maikrofoni nyingine na sauti itarudi ilivyokuwa. Kwa kurekodi, tumia waya.

Dhana: Mvumo wa chini usiokoma ni hitilafu ya programu

Simamisha wimbo. Mvumo ukiendelea, ni umeme, wa 50 au 60 Hz kutegemea nchi. Chomoa chaja ya laptopu: ukikoma, kuna mzunguko wa ardhi (umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi) kati ya kompyuta na spika. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani na utumie nyaya za balansi (zinazofuta kelele ya njiani), za plagi ya TRS au XLR, kutoka kwenye kadi hadi kwenye spika. Usiikate waya ya ardhi ya plagi ili kuunyamazisha. Ipo kukukinga usipigwe na umeme.