Nyota akija kanisani uzeeni, mwacheni akae nyuma

Mwaka 1979 Steve McQueen, nyota wa filamu wa Marekani, alikuwa akijifunza kurusha ndege ya kizamani huko Santa Paula, California. Mwalimu wake, Sammy Mason, alikuwa ameokoka, na utulivu wa mzee yule ndio uliomfanya McQueen amuulize siri yake. Akaanza kwenda naye kanisani, akikaa juu roshani. Baada ya miezi kadhaa ndipo alipokula chakula cha mchana na mchungaji, Leonard DeWitt, akamuuliza maswali kwa takriban saa mbili. Mchungaji alikuwa na swali moja tu, akaliweka mwisho.

Mpangilio huo ndio ninaowasisitizia wanaolea waumini wapya hapa Kisumu. Sisi huugeuza. Mwanamuziki mkongwe wa benga akionekana mlangoni, anavutwa hadi kiti cha mbele na kupewa maikrofoni "asalimie kanisa". Hapo ndipo tunapompoteza. Mtu aliyekuja na maswali analazimika kutoa ushuhuda ambao bado hana, simu zinarekodi, na Jumapili inayofuata anaona haya kurudi kuuliza.

Mgeni wa namna hiyo asitangazwe. Wamtembelee watu wawili, si kikundi kizima. Aanze na Injili ya Marko: ina sura 16, na sura moja kwa siku itamchukua wiki mbili na siku mbili. Wazee wengi wa huku husoma Kijaluo kwa wepesi zaidi, basi mtafutieni Muma, yaani Biblia ya Kijaluo, ya maandishi makubwa. Macho yakigoma, mjukuu amsomee. Awe na daftari la maswali. Swali likikushinda, sema utarudi nalo, kisha urudi kweli.

Wengi hudhani McQueen alisukumwa na saratani. Sivyo: alikuwa ameshaanza kuhudhuria ibada kabla ya ugonjwa kugunduliwa Desemba 1979. Msingoje mzee alazwe. Akishalazwa, dakika kumi zinatosha: Zaburi ya 23, sala fupi, wala msimwahidi kupona, kwa sababu maumivu yakizidi atadhani imani yake ndiyo iliyopungua.

Mhubiri Billy Graham alipomtembelea McQueen mwanzoni mwa Novemba 1980, alimwachia Biblia yake mwenyewe. McQueen aliibeba hadi Ciudad Juárez, Meksiko, alikofariki tarehe 7 mwezi huo baada ya upasuaji, akiwa na miaka 50.