Leseni ya bangi kwa mpango wa usawa Marekani: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

Mpango wa usawa ni utaratibu wa baadhi ya majimbo yaliyohalalisha bangi: leseni za biashara hiyo zinatolewa kwa kipaumbele kwa walioumizwa na misako ya zamani na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Kwenye alama za kunukuu ni yanayosemwa; chini yake ni majibu.

"Mpango ni wa watu weusi tu."
Jimbo la Illinois, ambalo sheria yake ilianza kutumika Januari 1, 2020, haliulizi rangi ya ngozi. Linauliza anwani na rekodi. Njia kuu ni hii: asilimia 51 ya umiliki iwe mikononi mwa watu walioishi miaka 5 kati ya 10 iliyopita kwenye maeneo yaliyoumizwa zaidi na misako ya bangi, au waliowahi kukamatwa kwa makosa ya bangi ambayo sheria inaruhusu yafutwe kwenye rekodi, au watu wa familia zao za karibu. New York ina orodha yake: humo wamo pia wanawake, wakulima waliokwama kiuchumi na wanajeshi wa zamani waliolemaa kazini. Kwa hiyo anza kukusanya karatasi mapema: mikataba ya pango, bili, fomu za kodi, mwaka kwa mwaka. Uliyekaa kwa shemeji miaka mitatu bila bili hata moja yenye jina lako, hiyo miaka ni vigumu kuithibitisha.

"Ukiwa na kesi ya bangi, sahau leseni."
Kinyume chake. Awamu ya kwanza ya maduka New York, mwaka 2022, ilidai mwombaji au ndugu yake wa karibu awe na hukumu ya bangi ya kabla ya Machi 31, 2021. Ila hukumu peke yake haikutosha. Ilibidi pia uwe umemiliki angalau asilimia 10 ya biashara iliyopata faida kwa miaka miwili.

"Mwandike mwenye sifa kwa asilimia 51, mwenye pesa abaki nyuma."
Wakaguzi hawaishii kwenye jedwali la hisa. Wanataka kujua nani anasaini hundi, nani anaajiri na kufukuza, na faida inaishia wapi. Chukua mkataba wa mkopo wa dola 300,000 wenye kipengele kwamba ukichelewa rejesho moja, deni linageuka hisa. Siku hiyo 51 yako imekwisha, na ukaguzi unaweza kukiona kipengele hicho kabla yako. Mikataba ya "usimamizi" inayompa mwekezaji sehemu ya mauzo ina kasoro ileile. New York inataka kila mwenye maslahi atajwe, hata asiye na hisa. Mpe wakili wako mwenyewe asome mkataba, si yule anayelipwa na mwekezaji.

"Leseni ikitoka, duka linafunguliwa."
Waliotuma maombi ya maduka Illinois mwanzoni mwa 2020 walisubiri hadi Julai 2022 kupata leseni za masharti, ambazo bado hazikuruhusu kufungua duka. Kesi mahakamani zilikula sehemu kubwa ya muda huo. New York nako jengo lina masharti yake: futi 500 kutoka shule, futi 200 kutoka nyumba ya ibada iliyo barabara moja, na futi 1,000 kati ya duka na duka penye wakazi zaidi ya 20,000. Namna ya kupima ni jambo zito. Mwaka 2025 mamlaka ya bangi ya jimbo yenyewe ilikiri kwamba ilikuwa ikipima hadi mlango wa shule badala ya mpaka wa kiwanja, na maduka zaidi ya 100 yakajikuta kwenye utata. Iulize mamlaka kanuni ya sasa ya kupima, na ulizia kwanza kama mji husika unaruhusu maduka, mingi ilijitoa. Kwenye mkataba wa pango weka kipengele cha kujitoa leseni isipotoka, la sivyo utalipia chumba kitupu.

"Nina grini kadi, na jimbo limeruhusu, basi niko salama."
Hili ndilo linalowaponza wahamiaji. Uhamiaji unafuata sheria ya shirikisho, si ya jimbo, na huko bangi bado ni dawa inayodhibitiwa. Mwongozo wa USCIS (idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani) wa Aprili 19, 2019 unasema wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata kwa kuajiriwa tu kwenye duka lenye leseni, kunaweza kukunyima sifa ya mwenendo mwema unapoomba uraia. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kuuza au kusambaza dawa zinazodhibitiwa. Ukidanganya umeongeza kosa la pili.

Kuna baya zaidi: afisa akiwa na sababu ya kuamini kuwa unafanya biashara ya dawa hizo, anaweza kukuzuia kuingia nchini bila hukumu yoyote. Mke au mume na watoto walionufaika na pesa hizo ndani ya miaka 5, huku wakijua zinatoka wapi, wanaguswa pia.

Na ile hukumu ya zamani iliyokupa sifa kwenye mpango? Jimbo likiifuta, kwa uhamiaji kwa kawaida bado ipo. Kwa hiyo asiye raia aanze kwa wakili wa uhamiaji, kabla hajalipa ada ya maombi (ambayo hairudishwi) na kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya wamiliki.