Kuteleza kwenye barafu dukani Marekani: kuanguka peke yake si kesi

"Nimeanguka kwenye maegesho yao, lazima wanilipe." Kila baridi ikiingia maneno ni hayohayo, na mwenye kuyasema ana mguu kwenye plasta na hana picha hata moja.

Hawalazimiki. Mwenye jengo la biashara hadaiwi kwa sababu tu umeangukia kwake. Anadaiwa kwa uzembe, na mzigo wa kuuthibitisha ni wako: kwamba palikuwa na barafu ya hatari, kwamba aliijua au angeijua kama angekagua ipasavyo, kwamba alipata muda wa kutosha kuishughulikia, na kwamba ndiyo iliyokuangusha. Kesi nyingi hufia kwenye hilo la muda. Katika jimbo la New York, kwa mfano, theluji ikiwa bado inaanguka mwenye jengo kwa kawaida hadaiwi. Hupewa muda wa kuridhisha baada ya dhoruba kukoma ndipo aulizwe kwa nini hakusafisha.

Illinois ni kugumu zaidi. Huko mwenye mali hana wajibu wa kuondoa theluji na barafu iliyojikusanya yenyewe kutokana na hali ya hewa. (Massachusetts nako kulikuwa na kanuni ya aina hiyo mpaka mahakama yake ya juu ilipoifuta mwaka 2010.) Kwa hiyo swali la kwanza si umevunjika nini, bali barafu ilitoka wapi. Angalia bomba linaloshusha maji ya paa. Mchana theluji ya paani inayeyuka, maji yanamwagika juu ya njia ya wateja, usiku yanaganda, na asubuhi pana utando mwembamba usioonekana juu ya lami. Barafu hiyo haikutoka mawinguni, imetengenezwa na jengo. Ni hivyo hivyo kwa lundo la theluji lililosukumwa upande wa juu wa mteremko, likawa linachuruzika na kuganda chini yake.

Basi piga picha inayoonyesha bomba au lundo, mkondo wa maji, na pale ulipoangukia, zote kwenye fremu moja, kabla hawajamwaga chumvi. Kisha sogea karibu: barafu nene, chafu, yenye nyayo zilizogandia ndani imekaa muda mrefu, iliyo safi na nyembamba huenda ni ya saa moja iliyopita. Rekodi za hali ya hewa za saa kwa saa kutoka kituo cha karibu zitamalizia hesabu.

Na viatu, jamani! Vivue, vitie kwenye mfuko wa karatasi, usivivae tena. Wakili wa upande wa pili ataziulizia soli zake, na soli zilizolika baada ya ajali zitahesabiwa kuwa zilikuwa hivyo siku ile.

"Kuna kamera, zitaonyesha kila kitu." Zitaonyesha zikihifadhiwa. Mifumo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Andika barua juma hilohilo ukitaja tarehe, saa na mahali, udai picha zihifadhiwe.

"Waliweka kibao cha tahadhari, sina haki." Kibao ni ushahidi tu, tena kinaweza kuthibitisha kwamba walijua.

"Nilikuwa natazama simu, basi imekwisha." Inategemea jimbo. New York ukikutwa na kosa la asilimia 60, bado unapata 40 ya fidia. Illinois ukizidi asilimia 50 hupati kitu. Maryland na Virginia, kosa lako dogo tu laweza kuiua kesi nzima.

"Nina miaka miwili ya kufungua kesi." Illinois na Pennsylvania, ndiyo, kwa kawaida, New York na Massachusetts ni mitatu. Lakini Massachusetts inataka pia taarifa ya maandishi kwa mwenye mali ndani ya siku 30 kama ni theluji au barafu, na kuikosa humpa mwenye mali hoja pale kuchelewa kulipomwathiri. Na kama uliangukia kwenye mali ya jiji, New York taarifa ya madai hutakiwa ndani ya siku 90. Kwa hiyo kabla hujahesabu miaka, hakikisha ardhi uliyoangukia ni ya duka, ya mwenye jengo, au ya jiji.