Mbegu za kiume za kuchangiwa: hupimwa nini kabla hazijatumika?

Mchangiaji hupimwa magonjwa gani ya kuambukiza?

VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia. Benki nyingi za mbegu huongeza HTLV (virusi vinavyoweza kuleta saratani ya damu) na virusi vya saitomegalo, ambavyo watu wazima wengi wanavyo bila kujua, ila vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kama kipimo cha leo ni safi, kwa nini mbegu zisitumike kesho?

Kwa sababu ya kipindi dirisha, yaani muda ambao mtu ameshaambukizwa lakini kipimo bado hakionyeshi. Mtu aliyeambukizwa VVU wiki iliyopita anaweza kupimwa leo na majibu yakasema hana. Ndiyo maana mbegu hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, zikawekwa karantini, kwa desturi miezi 6. Mchangiaji hurudi kupimwa upya. Asiporudi, mbegu zake hazitoki. Vipimo vipya vinavyosaka vinasaba vya kirusi chenyewe vimefupisha dirisha hilo, lakini havijalifunga. Na tuelewane: baridi haiui VVU. Kinachosaidia ni muda na kipimo cha pili.

Vipi tukipatana na rafiki tu, bila kliniki?

Hapo hakuna karantini. Cheti chake cha mwezi jana hakisemi lolote kuhusu alichofanya juzi.

Na magonjwa ya kurithi?

Kwanza huulizwa habari za ukoo: wazazi, ndugu, babu na bibi, nani aliugua nini na akiwa na umri gani. Kisha huchunguzwa kromosomu, na jeni za magonjwa kama selimundu, thalasemia (ugonjwa wa damu) na sistiki fibrosisi (ugonjwa wa mapafu na mmeng'enyo).

Hapa ndipo wengi hujichanganya. Mchangiaji mwenye afya njema anaweza kubeba jeni moja ya selimundu asiumwe maisha yake yote. Mama naye akiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kumpima mchangiaji peke yake ni kazi nusu. Mama (au mwanamke anayetoa yai) naye apimwe, majibu yawekwe pamoja.

Je, kuna kinachopita bila kuonekana?

Kipo. Mwaka 2025 iliripotiwa kuwa mbegu za mchangiaji mmoja zilitumika kupata watoto wasiopungua 67 katika nchi kadhaa za Ulaya, na 10 kati yao walikuwa wamepata saratani. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Hitilafu katika TP53, jeni ambayo kwa kawaida hukinga mwili dhidi ya saratani, ilikuwamo katika sehemu tu ya mbegu zake, na vipimo vya kawaida havikuigusa. Ndiyo maana idadi ya familia kwa mchangiaji mmoja inapaswa kuwa na kikomo. Uingereza, kwa mfano, mwisho ni familia 10.

Mtoto akigundulika na ugonjwa wa kurithi, tumwambie nani?

Kliniki, mara moja, hata kama miaka imepita. Mbegu zilizobaki huzuiwa, na familia nyingine zilizotumia mchangiaji huyo hupewa taarifa ili watoto wao wachunguzwe.