Dripu ya kabla ya kemo si ya kuongeza nguvu

Wengi huamini kwamba dripu anayotundikiwa mgonjwa kabla ya kemo (dawa za kutibu saratani) ni ya kumwongezea nguvu, hivyo akijisikia vizuri anaweza kuiruka ili awahi nyumbani. Inaeleweka, maana dripu tumezoea kuiona kwa mtu aliyeishiwa nguvu.

Soma maandishi ya mfuko wenyewe. Mara nyingi utakuta sodiamu kloraidi 0.9%, yaani gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji. Hakuna chakula wala vitamini humo. Kazi yake ni kulinda figo, hasa kwa anayepewa sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo. Dawa hiyo hutoka kwa njia ya mkojo na hujikusanya kwenye seli za figo. Maji mengi huifanya ipite ikiwa imezimuliwa. Si kila dawa ya kemo inahitaji hivyo.

Kinachonisikitisha zaidi ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni za dukani, zinazomezwa bila daktari kujua. Nazo huweza kuziumiza figo hizo hizo. Mtajie kila unachotumia, mitishamba ikiwemo. Kabla ya mzunguko wa kemo hupimwa kreatinini kwenye damu, yaani taka inayochujwa na figo: omba namba yako, iandike, uilinganishe na ya mzunguko uliopita. Ikiwa imepanda, uliza kabla dawa haijaanza kuingia.