Patisheni iliyosimbwa kwenye flashi: maana yake na namna inavyofanya kazi

Ukiingia katika steshenari yoyote ya Mwanga, mjini Kigoma, kuchapa karatasi mbili tatu, flashi yako huchomekwa kwenye kompyuta ya dukani, na papo hapo kila kilichomo huwa mbele ya macho ya anayekuhudumia na ya mteja aliyesimama nyuma yako. Kwa mwanafunzi mwenye insha moja, jambo hilo halina uzito. Kwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, ambaye kwenye flashi hiyo hiyo hubeba majina ya wanachama, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA) na madeni ya kila mmoja, uzito upo, tena mkubwa. Ni kwa ajili ya mtu kama huyo ninaeleza dhana hii.

Patisheni ni kipande cha nafasi ya kuhifadhia ambacho kompyuta hukihesabu kama diski inayojitegemea, hata kama vipande viwili au vitatu vimo ndani ya flashi moja. Kusimba ni kuzigeuza taarifa kwa hesabu zinazotegemea ufunguo wa siri, hata asiye na ufunguo huo asione chochote isipokuwa mchanganyiko wa alama usio na maana. Basi patisheni iliyosimbwa ni kile kipande cha flashi ambacho kila kinachoandikwa ndani yake hugeuzwa kwanza, na kila kinachosomwa hurudishwa katika hali yake, yaani husimbuliwa, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu. Kwenye flashi yenyewe faili halilali wazi hata dakika moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, kwa kuwa tumezoea kusema kwamba flashi “imewekewa nywila”. Zipo programu zinazoficha folda na kudai nywila kabla ya kuionyesha, lakini faili zake zimebaki vilevile zilivyokuwa. Ukiichomeka flashi kwenye kompyuta nyingine yenye programu ya kurejesha mafaili, zote hujitokeza. Patisheni iliyosimbwa haitegemei programu fulani kukataa kufungua. Hata fundi akiifungua flashi na kuisoma chipu yake moja kwa moja, atapata mchanganyiko uleule.

Kanuni ya hesabu inayotumika mara nyingi ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Katika mfumo endeshi wa Linux, mpangilio wa kawaida wa patisheni hizi huitwa LUKS, ulioanzishwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004. Wanaotumia Windows wanayo BitLocker, ingawa matoleo ya nyumbani ya Windows hufungua tu flashi iliyokwisha kusimbwa bila kuweza kuisimba mpya. Na kwa anayehama kati ya mifumo tofauti ipo VeraCrypt, isiyolipiwa.

Jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote ni kwamba nywila unayoiandika siyo inayosimba faili zako. Wakati patisheni inapotengenezwa, kompyuta hubuni yenyewe ufunguo mkuu usiotabirika, mrefu mno, na huo ndio unaosimba kila kitu. Nywila yako huufunga ufunguo huo tu, kisha ufunguo uliofungwa huhifadhiwa mwanzoni mwa patisheni, katika eneo linaloitwa kichwa. Ndiyo maana kubadilisha nywila huchukua sekunde chache hata kama umejaza gigabaiti nyingi, na ndiyo maana pia mwenyekiti na katibu wanaweza kuwa kila mmoja na nywila yake kwenye patisheni moja. LUKS ya toleo la pili ina nafasi za nywila hadi 32.

Lakini kichwa kikiharibika nawe huna nakala yake, ufunguo mkuu umekwenda nacho, na nywila sahihi haitakusaidia kitu. Nimelipata hilo kwa machungu. Flashi yangu ilichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, nayo, kwa kuwa haikuitambua patisheni ya LUKS, ikaleta dirisha dogo la kuomba ruhusa ya kuifomati. Kijana aliyekuwa akinihudumia, kwa nia njema kabisa, akabonyeza kukubali. Kazi ile ilichukua muda mfupi kuliko kuchapa ukurasa mmoja, na hesabu za miezi minne hazikurudi tena.

Kwa hiyo mpangilio wa flashi ya kutembea nayo uwe hivi. Hamisha kwanza kila kilichomo, kisha ifute na kuigawa vipande viwili. Kipande cha kwanza kiwe cha kawaida, chenye mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, unaosomeka karibu kila mahali, na humo ziwekwe karatasi za kuchapa peke yake. Kipande cha pili ndicho kisimbwe. Utaratibu wa kutanguliza kile cha kawaida una sababu: matoleo ya Windows ya kabla ya mwaka 2017 huonyesha patisheni ya kwanza tu ya flashi, na kompyuta za aina hiyo bado zinafanya kazi madukani. Kwenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, programu ya kusimamia diski hukuruhusu kuchagua nafasi iliyo tupu, kutengeneza patisheni, kuweka alama kwamba ilindwe kwa nywila ya LUKS, na kuandika nywila mara mbili. Hakikisha tu, kwa kuangalia ukubwa, kwamba umechagua flashi na si diski ya kompyuta yenyewe.

Isimbe patisheni kabla ya kuweka siri, kamwe usisubiri baadaye. Flashi ina tabia ya kuandika sehemu mpya kila mara ili chipu isichakae upande mmoja, hivyo faili lililowahi kukaa humo wazi linaweza kuacha mabaki hata baada ya kufutwa.

Kuhusu nywila, kumbuka kwamba aliyeiokota flashi yako anaweza kubahatisha usiku na mchana bila kufungiwa. LUKS ya toleo la pili hutumia Argon2, kanuni inayolazimisha kila jaribio kula kumbukumbu nyingi ya kompyuta, lakini haiwezi kuiokoa nywila iliyo dhaifu. Methali isitumike, “haba na haba hujaza kibaba” inajulikana na kila mtu. Maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kurusha dado, ni imara zaidi na hukaririka.

Ulinzi huu hufanya kazi patisheni ikiwa imefungwa. Ukiifungua kwenye kompyuta ya watu, virusi vilivyomo vinaweza kunakili faili na hata kuinasa nywila unapoiandika; kwa hiyo patisheni ile ya pili, iliyosimbwa, ifunguliwe kwenye kompyuta unayoiamini tu. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na orodha ya wanachama yenye namba za NIDA ni taarifa za watu.

Nakala ya kichwa itolewe siku ileile patisheni inapotengenezwa, ikae kwenye flashi nyingine inayobaki nyumbani, nayo ibadilishwe kila unapobadilisha nywila, kwa sababu nakala ya zamani bado hufunguka kwa nywila ya zamani.