Si Simu Iliyowaleta: Dhana Potofu Kuhusu Vijana Wasiojiona Wanaume wala Wanawake

Wazazi wanaofika ofisini kwangu hapa Tanga, wa Ngamiani sawasawa na wa Raskazone, hawakubaliani katika mambo mengi ya malezi, lakini likija suala la kijana anayesema kwamba hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke, wote huja na hukumu moja ambayo imekwisha kunichosha: "Zamani hawakuwapo hawa, ni simu iliyowaleta." Ushahidi wao ni kwamba habari za watu hao, ambao siku hizi huitwa nonbainari, zimejaa TikTok, na kwamba takwimu za nchi za nje zinaonyesha wanaongezeka. Yote mawili ni kweli. Hitimisho wanalolijenga juu yake ndilo lisilosimama, na kwa kuwa nimelijibu kwa mdomo mara nyingi kuliko ninavyotaka, sasa naliandika.

Tuanze na huko kuongezeka. Kanada ndiyo nchi ya kwanza kukusanya na kutangaza idadi ya watu hawa kupitia sensa ya taifa, nayo ilifanya hivyo mwaka 2021. Kabla ya hapo dodoso lake liliuliza jinsi na kutoa majibu mawili tu. Safari hiyo liliuliza jinsi aliyozaliwa nayo mtu, kisha likauliza jinsia yake ya sasa, na likaacha nafasi ya kuandika jibu jingine. Wakapatikana nonbainari 41,355 miongoni mwa watu karibu milioni 30.5 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Uingereza na Wales ziliuliza mwaka huohuo kwa swali la hiari, wakajitokeza kama 30,000, ingawa mwaka 2024 takwimu hizo zilishushwa hadhi kwa sababu baadhi ya waliojibu huenda hawakulielewa swali. Mtu anayeziweka hesabu hizi kando ya sensa za zamani, kisha akasema watu wamezuka, analinganisha jibu na swali ambalo halikuulizwa. Karani wa soko la samaki ambaye daftari lake lina safu ya changu na safu ya vibua peke yake hataandika ngisi hata mmoja mwaka mzima, na siku atakapochora safu ya tatu, ngisi "watazuka" asubuhi ileile. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ukijumlisha wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990 unapata idadi hiyohiyo, hakuna anayebaki nje, na fomu yenye majibu mawili haiwezi kutoa hesabu nyingine.

Tena, laiti simu ingekuwa na nguvu hiyo ya kuzalisha watu, Kanada, ambako kijana asiye na simu janja ni nadra kuonekana, ingekwisha kufurika. Hesabu niliyoitaja ni takriban watu 14 katika kila watu 10,000.

Msomaji makini ataniuliza mbona uchunguzi wa kituo cha Pew cha Marekani, wa mwaka 2022, ulipata kiwango kikubwa zaidi: karibu asilimia 1 ya watu wazima, na asilimia 3 ya walio chini ya miaka 30. Sehemu ya tofauti inatokana na namna ya kuuliza. Fomu ya sensa ya Kanada mtu mmoja anaweza kuijaza kwa niaba ya nyumba nzima, na kijana ambaye hajamwambia baba yake ataandikwa vile baba anavyomjua; katika uchunguzi wa Pew kila mtu hujibu mwenyewe, faraghani. Kuhusu vijana kuwa wengi, sibishani na mtu. Mzee aliyefikisha miaka 60 bila kulisikia neno hilo, akafunga ndoa, akalea na kupata wajukuu, hana sababu ya kuyaeleza upya maisha yake kwa ajili ya mtafiti, ilhali kijana wa miaka 19 ndiyo kwanza anatafuta namna ya kujieleza. Kwa hiyo kinachopanda kwenye takwimu ni idadi ya wanaosema, wakiwa wamepata maneno, wamepata wa kuwauliza, na katika baadhi ya nchi wamepata sheria inayowalinda wanaposema.

Je, mitandao haina mchango wowote? Inao, na mtaalamu anayeukana anapoteza imani ya mzazi bure. Mitandao imelisambaza neno na imewakutanisha watu ambao zamani kila mmoja angejidhani yuko peke yake mjini kwake. Lakini mazungumzo haya yalikuwapo katika maandishi ya Marekani tangu miaka ya 1990, muda mrefu kabla ya mitandao hii ya leo. Wapo pia vijana wanaolijaribu neno kwa muda kisha wakaliacha, jambo ambalo ni la kawaida katika umri huo na halithibitishi kwamba waliambukizwa. Wazazi waliosoma kidogo hunitajia utafiti wa mwaka 2018 uliodai kwamba hali hii huwazukia vijana ghafla kwa kufuata marafiki. Utafiti huo haukumhoji kijana hata mmoja. Uliwauliza wazazi, waliopatikana kupitia tovuti ambako wenye wasiwasi huo tayari walikuwa wakikutana, na mwaka 2019 jarida lililouchapisha lilitoa masahihisho kulifafanua hilo.

Ndiyo maana nakereka mzazi anapoketi mbele yangu na kuweka mezani simu aliyomnyang'anya mwanawe, kana kwamba ni kisu kilichookotwa kwenye tukio. Ukishaichukua, kijana haachi kuhisi anachohisi, anaacha kukwambia. Ushauri wangu, ambao wenzangu hunitania kwa kuung'ang'ania, ni kwamba mzazi azime simu yake yeye, akae na mtoto baada ya chakula cha jioni, aulize swali moja tu, kwamba alianza kujisikia hivyo lini, kisha anyamaze mpaka jibu liishe. Majibu ninayoyasikia mara nyingi hurudi nyuma hadi miaka ya shule ya msingi, kabla mtoto hajamiliki kifaa chochote.

Dhana nyingine hazinihitaji nipoteze wino mwingi. Kwamba nonbainari ni huntha, hapana: huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike, na vitabu vya mirathi vya Kishafii vimemjadili kwa karne nyingi, tena kwa utulivu kuliko tunavyomjadili sisi barazani. Kenya iliwahesabu watu wa aina hiyo 1,524 katika sensa yake ya 2019. Nonbainari walio wengi wana miili isiyo na utata wowote.

Kwamba haya ni mambo ya Wazungu, ningewaomba wanaosema hivyo wawatazame Wabugi wa Sulawesi Kusini huko Indonesia, jamii ya Waislamu ambayo kijadi hutambua jinsia tano, au Mahakama ya Juu ya India, iliyoitambua jinsia ya tatu mwaka 2014 ikiwataja mahijra, jamii ya watu wasiohesabiwa kuwa wanaume wala wanawake, walioko huko tangu enzi na enzi. Sisemi kwamba hao na kijana wa Chumbageni ni kitu kimoja, maana kila jamii ina mpangilio wake.

Kwamba ni ushoga kwa jina jingine, nayo si kweli, kwa kuwa jinsia ya mtu haituelezi anampenda nani. Wanaonitajia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu wakisome tena, maana kinaadhibu tendo la kuingiliana kinyume cha maumbile, na namna mtu anavyojihisi haimo humo.

Kwamba kila mmoja wao atadai homoni na upasuaji, wengi hawataki hata kimoja.

Iliyobaki ni ile ya maradhi ya akili, au jini, kutegemea mzazi amepita wapi kabla ya kuja kwangu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, lilikwisha kuitoa hali ya mtu kutoafikiana na jinsia aliyopangiwa kwenye sura ya maradhi ya akili. Kuna vijana wananifikia baada ya kufukizwa na kufungiwa kwa mganga, na kazi yangu ya kwanza huwa ni kutibu hofu waliyotoka nayo huko. Hata hivyo kijana nonbainari anaweza kupata sonona kama mtu mwingine yeyote, na anaipata upesi zaidi nyumba ikiwa ya matusi na kipigo. Akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi mfululizo, akijikata au akizungumzia kufa, mjadala wa jinsia yake usubiri. Afikishwe Bombo au hospitali nyingine yenye mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.